Msimu wa Kunong'ona

Bodø, wodini
24 Aprili 1997

Synnøve mwanangu,

Ukiona mwandiko umepinda ujue naandika nimelala chali. Nyonga imeshaungwa kwa misumari na daktari anasema nitatembea tena, ila si leo wala kesho. Simu ya wodini usihangaike nayo. Masikio yangu unayajua. Nikishika simu nasikia kama mtu anaongea akiwa ndani ya ndoo. Wewe andika. Barua zinafika, na mimi hapa sina kazi ila kuzisubiri.

Nimeanguka wakati mbaya kuliko wote wa mwaka. Ndege wetu wa baharini watapanda ufukweni kutaga wiki hii au ijayo, na mlinzi wao yuko Bodø anakunywa supu ya mgonjwa. Katika ukoo mzima umebaki wewe. Muuguzi aliniuliza kama nina mtoto, nikamwambia ninaye, wa marehemu kaka yangu, nilimlea tangu akiwa na meno ya utotoni, akaenda zake Oslo, na sasa amerudi kukaa nami. Akasema, "Una bahati, mama." Nikamjibu tutaona.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiikimbia kazi hii, kwa hiyo nakueleza kama vile hujui. Mwani mkavu uko darini. Kila kibanda cha ndege kiwekee mwani mpya, ukandamize katikati kwa ngumi upate shimo la kiota. Vaa koti langu la kahawia lililo nyuma ya mlango na kitambaa changu cha kijivu, na usithubutu kuvifua. Bata hawa wa baharini hawajui jina langu wala sura yangu, wanajua koti. Zunguka asubuhi na jioni, polepole, uwasemeshe kwa sauti ya chini. Lolote tu. Mimi huwasimulia habari za redioni.

Tangu wanapopanda mpaka vifaranga waende majini, hakuna nguo kwenye kamba, hakuna nyundo, hakuna moto wa nje, na mtu mgeni hapiti langoni. Mchungaji mwenyewe alikuwa akisimama barabarani na kunipungia mkono. Torgils jirani anajua, mbwa wake atamfunga. Ndege anayeatamia akishtuliwa akatoka, mayai yanapoa, na mwaka unaofuata harudi kwako. Visiwa vyote vya jirani vimewapoteza hivyo hivyo. Kwetu bado wapo kwa sababu mama yangu alinong'ona, na mimi nimenong'ona tangu usichana wangu. Nikiwakosa hawa sijui nitakuwa naamka asubuhi kwa ajili ya nini.

Nakutegemea.
Shangazi yako, Oddny


Kvitvær
6 Mei 1997

Shangazi yangu wa misumari,

Koti linanuka samaki na tumbaku, na wewe uliniambia umeacha kuvuta tangu Krismasi. Hilo tutalizungumza ukirudi.

Wamekuja. Dume anatangulia na weupe wake kama bwana harusi, jike yuko nyuma na rangi yake ya udongo, na anayeamua ni jike. Anaingia kibandani, anatoka, anaingia cha jirani, anarudi cha kwanza. Nilimwona mmoja akikagua vibanda tangu asubuhi mpaka nikapata njaa mimi. Mwisho akachagua kile kilicho chini ya ngazi za jikoni, sasa nashuka kwa mlango wa mbele kama mgeni wa kanisa. Nimewasimulia habari za redioni kama ulivyoagiza. Habari za bungeni hawazipendi, wanafumba macho. Habari za hali ya hewa wanasikiliza.

Nina jambo lingine, na naomba usikunje uso maana mikunjo unayo ya kutosha. Nimepata kazi. Meli kubwa za watalii zimeanza kutia nanga kwenye kisiwa kikubwa, na abiria wanapandishwa basi kuzungushwa visiwani kabla meli haijaondoka. Mimi ndiye ninayesimama mbele na kipaza sauti. Dereva ni Terje, kijana wa bara huko milimani, tukipita madaraja anashika usukani kama anazama. Tunawaonyesha mnara wa taa, kiwanda cha zamani cha samaki wa sill, kanisa la mawe, halafu kahawa na keki za moto kwenye ukumbi wa vijana, kisha tunawarudisha. Wanafurahia hata kondoo. Kuna bibi mmoja alipiga picha kituo cha basi.

Kwetu hatufiki. Basi linageuzia kanisani, upande wa pili wa kilima. Nakuapia. Kazi ni ya siku za meli tu, asubuhi na jioni niko na ndege wako.

Kula hiyo supu.
Synnøve


Bodø
13 Mei 1997

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi jirani yangu wa kitanda akaomba nimsomee na yeye. Alicheka pale kwenye habari za bungeni mpaka mshono ukamuuma. Sasa wodi nzima inauliza yule wa chini ya ngazi anaendeleaje.

Kuhusu kazi sikunji uso. Kijana lazima awe na kazi, na najua jioni za Kvitvær ni ndefu kwa mtu aliyezoea Oslo. Nilikuwa na hofu kwamba ungekaa msimu mmoja tu, halafu ungesema, "Shangazi, nakupenda lakini naondoka." Kama basi ndilo litakalokushikilia hapo, basi libarikiwe. Ila mwambie huyo Terje asipige honi kwenye kona ya kanisa. Upepo ukitoka kusini sauti inavuka kilima.

Jike aliyechagua chini ya ngazi huja kila mwaka, ni mzee na ana hasira. Mwache apumue. Akikaa juu ya mayai atajinyonyoa manyoya ya kifuani ayafunike, na hatakula mpaka yaanguliwe. Wewe ukimpita usimtazame machoni. Mpe mgongo kidogo, kama unavyofanya ukikutana na mtu anayelia.

Nimeanza kusimama. Nalia na kusimama, lakini nasimama.

Oddny


Kvitvær
22 Mei 1997

Shangazi,

Wanaatamia karibu vibanda vyote. Torgils alisimama kwenye ua wake akatazama, akaniambia kwa kunong'ona, "Oddny akiona hivi atacheza na hiyo nyonga yake." Mbwa amefungwa, anatutazama sote kwa chuki.

Naandika haraka, kesho ni siku ya meli. Nina swali, nauliza tu kwa kujifunza. Ikitokea mtu asiye mlinzi lazima apite karibu nao, tuseme daktari au fundi, anafanyaje ndege wasishtuke? Umewahi kumpitisha mtu? Na hatua ngapi ni karibu mno?

Nisimulie pia habari za bibi, jinsi alivyoanza. Napenda nizijue vizuri.

Synnøve


Bodø
27 Mei 1997

Mwanangu kipenzi,

Hujui ulivyonifurahisha. Miaka yote ile nikisema habari za ndege ulikuwa unatazama dirishani, na leo unauliza mwenyewe. Nilimwambia jirani yangu wa kitanda, "Sikiliza swali la mtoto wangu." Akasema hilo ni swali la mlinzi.

Ndiyo, niliwahi. Mwaka mama yangu alipokuwa anakufa chumba cha juu, daktari alilazimika kupita katikati ya vibanda, njia nyingine ilikuwa imeporomoka. Nilivaa koti nikatangulia, yeye akafuata nyuma yangu kabisa, anakanyaga nilipokanyaga, mikono imeshuka, bila neno. Ndege walitazama koti wakabaki. Lakini alikuwa mtu mmoja, Synnøve, na mama alikuwa anakufa. Nilihesabu kila hatua mpaka alipofika mlangoni. Lile lilikuwa deni nililochukua kwao, sikulirudia tena.

Mama yangu aliingia Kvitvær akiwa bibi harusi, akamkuta mama mkwe anamkataza kuvaa nguo zake nzuri mpaka Julai. Alilia. Kisha usiku wa dhoruba jike mmoja akaingia jikoni kwake akakaa karibu na jiko, na tangu siku hiyo mama hakumruhusu mtu yeyote kuinua sauti nyumbani mwetu kabla ya katikati ya kiangazi. Hata baba alipokuwa na jino linauma aliugulia kwenye mto wa kulalia.

Na mimi nina la kukwambia. Nimemwita mwanasheria wa hapa Bodø. Nyumba, ufukwe na vibanda naviandika kwa jina lako. Nilikuwa nangoja nione kama unaipenda kazi au unanipenda mimi tu. Sasa nimeona.

Oddny wako


Kvitvær
9 Juni 1997

Shangazi,

Sijui nianzie wapi. Kuna mnyama ameingia. Torgils anadhani ni fisi maji. Ndege wengi wametoka viotani, hawajarudi. Naendelea kuzunguka asubuhi na jioni, nawaita. Wako majini mbele ya nyumba, nawaona, lakini hawapandi.

Usiwe na wasiwasi, jitunze mguu. Hizo karatasi za mwanasheria zisubiri, hazina haraka.

Synnøve


Bodø
12 Juni 1997

Synnøve,

Fisi maji akiingia hula ndege kiotani. Huacha mabawa na damu. Umeona damu?

Yule wa chini ya ngazi yuko?

Oddny


Kvitvær
15 Juni 1997

Shangazi,

Damu ilikuwepo kidogo, mvua imeiosha. Wa chini ya ngazi naye hayupo.

Tafadhali usifikirie kusafiri. Barabara yetu inachimbwa, basi la kawaida halipiti, na wewe na magongo hutaweza. Mwezi ujao nitakuja mwenyewe kukuchukua. Naomba uniamini.

Synnøve


Kisiwa kikubwa, nyumba ya wageni karibu na gati
20 Juni 1997

Synnøve,

Jana nilikuwa ndani ya basi lako.

Nilitoka hospitali asubuhi na mapema, nikapanda boti, nikafika hapa gatini na magongo yangu. Basi la kawaida lilikuwepo na barabara haichimbwi, ila lilikuwa limeshaondoka. Nimesimama natafuta mtu wa kunisogeza, dada mmoja wa meli akanishika mkono, "Polepole mama, lenu ni hili hapa," akanipandisha na kuniketisha kiti cha nyuma kabisa kati ya Wadenmark. Niliona kwenye kioo limeandikwa safari ya visiwani nikasema sawa, nitashukia kanisani. Kisha ukapanda wewe. Ulikuwa umevaa koti langu.

Ningekuita. Nilishafungua mdomo. Lakini ulihesabu vichwa mpaka nyuma, ukanihesabu na mimi na kofia yangu ya mvua, ukawasha kipaza sauti, spika yake iko juu ya kichwa changu, nami nikataka kukusikia. Nilijivunia, Synnøve. Kwa dakika kadhaa nilikaa pale nikijivunia jinsi unavyoongea. Ulisema habari za mnara wa taa vizuri. Mzee aliyekaa kando yangu akanipa peremende.

Kanisani basi halikugeuza.

Tukiwa tunapanda kilima ukashusha sauti, ukasema, "Sasa ndugu zangu tunakwenda nyumbani kwa shangazi yangu, mlinzi wa mwisho wa ndege. Alifariki majira ya baridi yaliyopita, akiwa amekaa barazani anawatazama ndege wake." Basi zima likanyamaza. Mwanamke wa mbele yangu akatoa leso. Majira ya baridi ndege hawapo barazani, wewe mtoto. Hata kifo changu umekikosea.

Mkashuka langoni kwangu. Niliwaona kwa dirisha wakifuatana nyuma yako mmoja mmoja, mikono imeshuka, wanakanyaga unapokanyaga. Niliyatambua maneno yangu miguuni mwao. Wakaingia jikoni kwangu. Vikombe vya mama yangu vikatoka nje na kahawa, wakanywa wamesimama katikati ya vibanda vitupu na wakapiga picha za vibanda vitupu.

Nikabaki na dereva. Akanigeukia.

"Mama, wewe hushuki?"

"Mguu," nikamjibu kwa kifupi asije akatambua lafudhi.

"Pole. Ila hujakosa kitu. Mwanzoni mwa mwezi huu ndo ungefurahi, ndege tele, unampita hapa kwa hapa na katulia zake. Halafu siku moja tukaja mabasi mawili kwa mpigo. Mama mmoja akainama kumshika yule aliyekuwa chini ya ngazi. We. Akafumuka yeye, wenzake wote wakafuata, kama mtu kapiga bunduki. Mpaka leo hawajarudi."

"Na majirani hawakusema kitu?"

"Walisema, mwanzoni. Yule mzee mwenye mbwa alikuja juu kweli. Dada Synnøve akamwambia mwenyewe karuhusu, tena kwa barua, kaeleza mpaka namna ya kupita. Akaenda zake."

Nilikuwa na peremende ya yule mzee mdomoni, nikaitema kwenye kiganja.

Sikushuka. Nisingeweza kushuka mbele ya watu wale nikiwa nimekufa. Nimerudi na basi lako mpaka gatini, ukasimama mlangoni ukamshukuru kila mmoja. Mimi nilipita nyuma ya yule mzee mrefu, ukasema, "Safari njema, mama." Ulisema hivyo huku ukitazama saa.

Umenisaliti. Nimejaribu kutafuta neno dogo zaidi nikalikosa. Ndege ungeweza kuwapoteza kwa uzembe, ningelia na kukusamehe. Lakini ulinitumia mimi. Nilikaa kitandani nikifurahia swali lako, nikakufundisha kwa mkono wangu jinsi ya kuwadanganya.

Nataka nyumba iwe tupu nikifika. Nitafika Jumatano.

Oddny


Kvitvær
21 Juni 1997

Shangazi,

Terje ameleta barua yako kutoka gatini. Nimeisoma nimesimama, nimekaa, nimeisoma tena. Sitakuomba msamaha kwanza, maana najua utaufunga na kuurudisha. Nataka ujue ilivyokuwa.

Msimamizi wa mabasi aliniambia abiria wanachoka na kondoo na makanisa, kila kisiwa kina kondoo na kanisa. Akasema bila kitu cha pekee safari za upande wetu zitafutwa. Nikasema, pasipo kufikiri, sisi tuna ndege. Nilikwambia kwetu hatufiki, na siku nilipokwambia ilikuwa kweli. Nilitaka kubaki, Shangazi. Wewe mwenyewe uliandika kwamba uliogopa nitaondoka. Shule imefungwa, duka limefungwa, kila mtu wa rika langu yuko Trondheim au Oslo, na mimi nilikuwa nimepata kazi ya kunifanya niishi nyumbani. Hukuwahi kuniuliza nitaishije hapo. Ulinipa koti ukadhani inatosha.

Walikuja kumi tu mara ya kwanza. Nilifanya kama ulivyoandika na hakuna ndege aliyetikisika. Nililia kwa furaha, amini usiamini. Niliona tunaweza, wewe ukirudi utakuta basi linakuja kwa heshima, watu wanakanyaga taratibu, ndege wapo na mimi nipo.

Na hili la kufa. Nilipowaambia abiria kwamba mlinzi yuko hospitali ameumia nyonga, walisema "oo, pole" wakaendelea kupiga soga. Sauti zilikuwa juu, niliogopa. Nikasema amekufa. Wakanyamaza wote. Walishuka wakinong'ona kama watu wa msibani. Kila mara nilipotaka wanong'one nilikuua, Shangazi, na kila mara ilifanya kazi. Nilifanya hivyo kwa ajili ya ndege. Najua inavyosikika.

Yale mabasi mawili sikuyaomba. Niliambiwa asubuhi ile ile, kiongozi wa basi lingine anaumwa, wachukue wote wewe. Ningeweza kukataa. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na watu wote wananitazama, sikukataa.

Fisi maji nilimtunga, Torgils hakusema lolote. Na damu haikuwepo. Juzi nilikutazama usoni mlangoni pa basi na sikukuona, na hilo ndilo linalonitesa kuliko yote.

Nitakuwa nimeondoka kabla ya Jumatano. Nimeosha vikombe. Koti sikulifua.

Synnøve


Kvitvær
2 Julai 1997

Synnøve,

Nimefika. Torgils alinibeba mgongoni kutoka barabarani, na mzee mwenyewe ana miaka sabini. Hakuniuliza kitu, ila alipoondoka aliongea kwa sauti yake ya kawaida, na hapo ndipo nilipolia, maana tangu mwezi uliopita hapakuwa tena na ndege wa kushtuliwa na sauti.

Mayai yalikuwa bado viotani, yamefunikwa manyoya vizuri kabisa. Wa vibanda vya mbali walipata dakika ya kuyafunika kabla ya kuwafuata wenzao, wakidhani watarudi. Ya chini ya ngazi yalikuwa machafu, yule alifukuzwa hakupata nafasi. Niliyaokota yote kwa sufuria nikayapeleka majini kwa safari nyingi, na magongo. Manyoya nimeyaacha. Mwaka huu siwezi kumshonea mtu mfarishi kwa manyoya hayo kama miaka mingine.

Unasema sikuuliza utaishije. Ni kweli, sikuuliza. Ungeniambia. Ningeuza ufukwe wa kaskazini, ningemwendea msimamizi wako na haya magongo, ningefanya lolote. Ulichagua kutonipa nafasi ya kukukatalia.

Mwanasheria ameandika kuuliza kama niko tayari kutia sahihi. Nimemjibu hapana.

Kwa sasa usiandike.

Oddny


Trondheim
10 Mei 1998

Shangazi,

Ulisema nisiandike nikanyamaza majira ya joto, ya kupukutika majani na ya baridi. Nafanya kazi kwenye duka la vitabu. Watu hapa wanaongea kwa sauti kubwa tangu Aprili, na kila nikisikia nageuka kuwanyamazisha kabla sijakumbuka niko wapi.

Nilimpigia Torgils. Alisema uliweka mwani mpya kwenye vibanda vyote, mwenyewe, umejikokota kwa magoti. Alisema hajaona ndege hata mmoja akipanda, kisha akakata simu.

Sikuombi nirudi. Nyumba sikuitaka kuliko nilivyokutaka wewe, ingawa najua nilitenda kinyume. Nakuomba neno moja tu, na ukilikataa sitauliza tena maisha yangu yote. Je, wamerudi? Silali. Kama kuna hata mmoja niambie, nijue sikuua kila kitu.

Mwanao, ukikubali,
Synnøve


Kvitvær
31 Mei 1998

Synnøve,

Torgils anatazama kutoka uani kwake na macho yake si mazuri.

Mguu umepona kwa kiasi cha kuzunguka asubuhi. Jioni nakaa. Basi halifiki tena upande huu, linageuzia kanisani kama ulivyoniapia. Nyumba imekuwa kimya mno, na si kimya kile cha zamani tulichokuwa tukikitunza, ni kimya tu. Nakukumbuka. Nakuandikia hivyo ili usiseme nilificha. Nimekulea, nakukumbuka kila siku ninapoteremka ngazi, na hasira haijapungua hata kidogo. Vyote viwili vinakaa pamoja kifuani kwangu, nimeacha kuvigombanisha.

Umeuliza, na mimi si mtu wa kumnyima mtu usingizi. Amerudi mmoja. Alipanda juma lililopita, peke yake, ameshakaa juu ya mayai.

Yuko kibanda gani, sikwambii.

Oddny